Kijiti cha Mfupa: Siku Nne Ruiru na Thika



Wiki mbili zilizopita ukurasa huu haukuwa na makala yangu, na baadhi yenu mliniuliza mlangoni mwa msikiti kama nilikuwa mgonjwa. Alhamdulillahi, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa bara, nimetumwa na dada yangu.

Dada yangu ana binti, mzaliwa wake wa pili, anayesoma sanaa katika chuo kimoja kilicho kando ya barabara ya Thika. Alipokwenda huko miaka mitatu nyuma sisi jamaa hatukufurahi sana. Tulidhani atarudi mchoraji wa sura za watu, nasi twajua yaliyosemwa na wanavyuoni juu ya picha. Kumbe njiani alishika njia nyingine: akawa anajifunza kuhifadhi vitu vya kale, yaani vitabu, ngozi, mbao na nguo, visile na wadudu wala visioze kwa unyevu. Mwaka huu yeye na wenzake watatu wamepata nafasi ya mafunzo ya vitendo kwa miezi sita katika jumba moja la makumbusho huko Ulaya. Baba yake hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Mjomba wake aende akaone, kisha aje atuambie."

Nami sitaki kuwaficha. Nilipopanda treni pale Miritini nilikuwa tayari na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Mkobani nilichukua kitabu cha babu yangu, Allah amrehemu, nikisema moyoni kwamba nitamtahini binti huyu kwacho. Akishindwa, maneno yatakuwa yamekwisha.

Treni ya Madaraka, iliyoanza kutuchukua mwaka 2017, hukuteremsha Syokimau. Kutoka hapo mpaka katikati ya jiji ni safari ya pili, na kutoka katikati ya jiji mpaka Ruiru ni ya tatu. Hiyo ya tatu niliikata kwa matatu yenye muziki wa kutikisa mbavu, nami mzee wa kanzu nimeketi kati ya vijana wawili wenye adabu nzuri kuliko muziki wao. Barabara yenyewe, haki ya Mungu, ni njema. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2012 katika siku za Rais Kibaki, na tangu hapo miji iliyokuwa mbalimbali imeunganika ikawa kama mmoja: Roysambu, Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja, mpaka Thika. Nililitazama jina la Kahawa kwa furaha. Neno hilo lilitoka kwa Waarabu likaja kwetu pwani, kisha likapanda mlima pamoja na mmea wake. Masufi wa Yemen walikinywa kinywaji hicho wapate kukesha katika dhikri. Hapa kikawa biashara ya walowezi. Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na mbegu waliyoitoa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11, ambayo haishindwi upesi na maradhi ya buni. Leo ukipita utaona mibuni michache imebaki upande mmoja, na upande wa pili gorofa juu ya gorofa, kamba za nguo zimejaa, na malori ya maji yanapanda mlima kwa kuguna. Mji wa wapangaji.

Ilikuwa Julai. Mtu wa Mombasa asiyewahi kulala Ruiru mwezi wa Julai hajui baridi ni nini. Niliswali Alfajiri na koti juu ya kanzu.

Binti alinipokea kituoni, akanibusu mkono, akaubeba mkoba wangu. Anaishi na wasichana wawili katika nyumba ya kupanga gorofa ya tatu. Mmoja ni Mkikuyu wa Thika yenyewe, ambaye baba yake alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha ngozi. Wa pili ni Mkamba kutoka upande wa Wamunyu, kwa wachongaji wa vinyago. Wa nne katika kundi lao ni kijana Mgiriama wa kwetu Kilifi, naye huja mchana kwa kazi, hurudi kwake jioni. Mlango ulikuwa wazi muda wote aliokuwapo. Nililiona hilo, na kwa kuwa nilitumwa kuona, naliandika.

Sebule yao wameigeuza mahali pa kazi. Meza ya kulia imetandikwa karatasi nyeupe, dirisha limewekewa shuka ili jua lisipige meza moja kwa moja. Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo juu ya moto mdogo, na yule wa Thika akiikoroga bila kupumzika. Nikadhani ni uji, nikasema bismillahi nikisubiri kukaribishwa. Wakacheka. Ilikuwa gundi. Huchukua wanga wa ngano peke yake, wakaupika polepole mpaka uwe mzito na wa kung'aa, wakaupitisha kwenye chujio mara tatu, kisha wakauzimua kwa maji mpaka uwe kama maziwa. Kwa gundi hiyo na karatasi nyembamba za Kijapani, zinazotengenezwa kwa nyuzi za gome la mti, huunga ukurasa uliopasuka. Karatasi hizo ni ghali, kwa hiyo walikuwa wakijizoeza kwa magazeti ya zamani na madaftari ya shule waliyoyaokota kwa wauza taka.

"Kwa nini msitumie gundi ya dukani, ikashika milele?" niliuliza.

"Ndiyo aibu yake, Mjomba," binti akajibu. "Tunafundishwa tusifanye jambo ambalo atakayekuja baada yetu hataweza kulitendua. Hii, ukiilowesha kidogo, inaachia. Huenda miaka hamsini ijayo akatokea mtu ajuaye zaidi yetu. Tusimfungie mlango."

Nilinyamaza. Nimesoma vitabu vingi vya wanavyuoni wetu vinavyomalizikia kwa maneno kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na nilikuwa sijamsikia mwanafundi akiyatia maneno hayo ndani ya gundi.

Kisha nikaona jambo la mikono. Nilitarajia kuona glavu nyeupe kama za kwenye picha. Hawakuvaa. Mwalimu wao amewaambia kwamba kwa karatasi glavu za pamba ni hatari, kwa sababu kidole hakihisi na uzi hunasa penye mpasuko. Bora ni mkono mtupu uliooshwa vizuri kwa sabuni na ukakaushwa. Wala hairuhusiwi kulowesha kidole kwa mate ili kufunua ukurasa. Hapo nikacheka mimi. Mwalimu wangu wa chuoni alinichapa kwa kosa hilo hilo nikiwa na miaka saba. Wanavyuoni wetu wameandika kabla ya wote hao kwamba msahafu haufunuliwi kwa kidole chenye mate. Binti akaniambia la ajabu zaidi: katika usafishaji wa picha za rangi za mafuta, mafundi wakubwa wa Ulaya hutumia mate hayo hayo, kwa kijiti cha pamba, kwa kuwa yana kitu kinacholainisha uchafu bila kuila rangi. Basi mate ni dawa mahali na ni sumu mahali, na elimu ni kujua tofauti.

Siku ya pili nikatoa kitabu.

Ni nakala ya Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Imamu Shafi ambacho watoto wetu wengi huanza nacho. Babu aliinakili kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa kijana, kisha maisha yake yote akaendelea kuandika pambizoni: mara maelezo ya Kiarabu, mara Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mara habari ya kuzaliwa mtoto au kufika kwa jahazi. Nilirithishwa mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma. Mwaka 1989, nikiwa mwanafunzi mwenye bidii kuliko maarifa, niliona kurasa zinaachana nikaenda dukani nikanunua selotepu. Nilikaa alasiri nzima. Niliposimama, kitabu kilikuwa imara, nami nilijiona nimemfanyia babu wema mkubwa.

Binti hakukigusa kwanza. Alikwenda kuosha mikono, na nilipomsikia anachelewa nikajua anatawadha. Akarudi, akakiweka juu ya mto mdogo ili uti wake usivunjike, akanipa karatasi na kalamu.

"Niandikie hali yake, Mjomba. Sisi hatugusi kitu kabla ya kuandika kilivyo."

Nikaandika, "Kimechakaa." Akairudisha karatasi kwa heshima, kama mwalimu amrudishiaye mtoto ubao. "Kimechakaa wapi? Kwa kiasi gani? Kwa sababu gani?" Ilituchukua saa mbili. Mpasuko wa ukurasa wa tatu, milimita 42, kutoka ukingoni. Matundu ya wadudu, manane, yamepenya kurasa kumi na mbili. Doa la maji chini kulia, lina mpaka wa rangi ya chai. Nilikuwa nacho kitabu hicho zaidi ya miaka thelathini, na siku hiyo ndipo nilipokiona.

Tukafika kwenye selotepu. Ile plastiki juu ilikuwa imekauka na kuachia yenyewe, lakini gundi yake ilikwishaingia katika karatasi ikaifanya ya manjano na ya kupenya mwanga, na penye pambizo wino wa babu umeanza kuyeyuka na kusambaa. Maneno yaliyokuwa wazi mwaka 1989 hayasomeki tena. Maji ya bahari hayakuyafuta, wala mchwa hawakuyala. Nimeyafuta mimi.

"Inaweza kuondolewa?" nikauliza.

"Inaweza, kwa joto kidogo na kwa dawa, na kwa mtu aliyefanya kazi hiyo mara mia. Si mimi, na si sasa." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hilo ni moja katika ninayokwenda kujifunza."

Mtihani nilioubeba kutoka Mombasa ukawa umekwisha, na aliyetahiniwa si yeye.

Siku ya tatu ikawa Ijumaa, tukaenda Thika. Wageni wa Ulaya wanaijua Thika kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959. Wenyeji wanaijua kwa viwanda na mananasi. Mananasi hayo yamepandwa kwa safu zilizonyooka mpaka jicho linachoka, na lori likipita hewa yote inakuwa tamu. Lakini vijana hawakunipeleka kwenye mananasi. Walinipeleka kiwanda cha ngozi, kwa msaada wa baba yake yule binti wa Thika, ambaye amestaafu lakini anajulikana mlangoni.

Harufu ya mahali pale sitaieleza, gazeti hili husomwa mezani. Nilichojifunza ni hiki. Ngozi nyingi siku hizi husindikwa kwa dawa ya kromu, hutoka za buluu kama mbingu, na kazi huisha kwa siku chache. Njia ya kale ni ya magome. Thika kwa miaka mingi ilisindika magome ya mti ambao Wakikuyu huuita muthanduku, nami nikalisikia humo neno letu la sanduku. Mzee yule alitueleza jinsi maji ya magome yanavyoingia polepole ndani ya ngozi mpaka yakaifunga isioze. Nikawaambia vijana kwamba katika sheria yetu jambo hilo lina jina, dibagha, na kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa ngozi ikisha kusindikwa imetwaharika. Mzee akafurahi kusikia kwamba kazi yake ina mlango katika vitabu vya fiqhi.

Na kwa nini mwanafunzi wa makumbusho aende kunusa ngozi? Kwa sababu majalada ya vitabu vya kale ni ngozi, na si kila gome lina amana. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya jamii ya muthanduku ni imara kwa viatu na mikoba, lakini ikikaa miaka mingi katika hewa ya moshi wa miji hugeuka unga mwekundu unaobaki mkononi. Iliyosindikwa kwa majani ya summaki, ile tuijuayo katika vyakula vya Kiarabu, hudumu zaidi. Asiyejua hili atatengeneza jalada leo, na mjukuu wake atalifagia.

Tuliswali Ijumaa mjini. Baadaye tukashuka penye maporomoko, kwenye hoteli ya Blue Posts iliyojengwa mwaka 1908, mahali ambapo mto Chania na mto Thika huanguka karibu karibu. Hapo, juu ya nyasi, na mngurumo wa maji ukitulazimisha kupaza sauti, kijana Mgiriama akaleta mazungumzo ambayo bado yananikalia kichwani.

"Sheikh," alisema, "kigango hakikuchongwa kikae. Kinasimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, na kikiliwa na mchwa kikaanguka, ndivyo inavyotakiwa. Hakihamishwi. Lakini vimeibwa vingi vikauzwa Ulaya na Marekani. Huko tuendako, nikifungua ghala nikakuta kigango, nikaambiwa nikitibu kisioze, nitakuwa ninakihifadhi au ninakiiba mara ya pili?"

Itikadi yake si yangu, naye anajua. Lakini kuibiwa ni kuibiwa. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa familia moja ya Kimijikenda viliinuka kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani vikarudi mwaka 2007, na nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyopokewa pwani. Nikamwambia kijana sina fatwa juu ya kigango. Nikamwambia vilevile kwamba swali lake limeamsha swali langu.

Sisi pia tuna vitu ambavyo adabu yake ni kuviondoa. Ukurasa wa msahafu uliochakaa hautupwi, huzikwa mahali safi, au huchomwa, na Sayyidna Uthman (R.A.) aliamuru zichomwe nakala nyingine alipowakusanya watu juu ya msahafu mmoja. Hayo ni haki na hayana ubishi. Lakini nilikumbuka gunia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, msikiti mmoja ulikuwa ukikarabatiwa, tukaambiwa vijana tuzike karatasi zote kuukuu zilizokuwa juu ya dari. Tulichimba shimo refu, tukazika kwa heshima, tukasoma dua. Ndani ya gunia lile mlikuwa na juzuu za kuchapwa Bombay, na mlikuwa na nyingine za mkono, zenye wino mweusi na mwekundu na wa manjano. Sikujua nilichokiona. Miaka mingi baadaye, nilipoitazama misahafu ya Siyu iliyoandikwa karne ya 18 na ya 19, nikazitambua rangi zile tatu, na miguu ikanilegea.

Nikawasimulia vijana habari ya Sanaa, mji mkuu wa Yemen. Mwaka 1972, mafundi wakitengeneza Msikiti Mkuu walikuta kati ya dari na paa maelfu ya vipande vya misahafu, vingine vya karne ya kwanza ya Hijra, vimeandikwa juu ya ngozi. Wazee wa msikiti ule hawakuchoma wala hawakuzika. Waliviweka juu, mbali na miguu ya watu. Mwanamke mmoja mhifadhi kutoka Ulaya, Ursula Dreibholz, alikaa huko miaka kadhaa akivilainisha, akivinyoosha na kuvitengenezea mahali pa kulala, na akiwafundisha Wayemeni kazi hiyo.

Binti yangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa nini alitoka Ulaya, Mjomba? Yemen haikuwa na wanawake?"

Sikuwa na jibu. Yule Mkamba alivunja ukimya kwa kutuonyesha katika simu yake kazi ya Wakenya na Wajerumani iliyofanywa pamoja na Makumbusho ya Taifa, ambayo maonyesho yake yalifunguliwa Nairobi mwaka 2021. Walihesabu vitu vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje. Katika taasisi 30 tu, za nchi saba, walipata vitu 32,321. Nilimwomba airudie idadi. Halafu hesabu hiyo ni ya waliokubali kujibu, akasema.

Basi nikaelewa ni matayarisho ya namna gani haya. Si pasi ya kusafiria, bima na sweta za mitumba tu, ingawa sweta niliziona, na moja ilimfika magotini. Wanajizoeza kusoma kipimo cha unyevu wa hewa, kwa kuwa kuvu huanza kuota unyevu ukizidi kiasi cha asilimia 65, na nyumba zetu za Mombasa hupita hapo karibu kila siku. Wanajua kwamba kitu chenye wadudu hufungwa vizuri kikatiwa katika friza kali, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, wadudu wakafa bila dawa. Wanajua kuwa vitu vingi vya Afrika katika ghala za zamani vilinyunyizwa sumu ya arseniki, na mtu hagusi kabla ya kupima. Na wamekubaliana jambo moja ambalo hawakufundishwa darasani: kila kitu cha kwao watakachokikuta, wataandika jina lake kwa lugha ya wenyewe, kwa sababu katika madaftari ya huko kigango ni "nguzo" na msahafu wa pwani ni "kitabu cha Kiarabu".

Usiku wa mwisho, baada ya Isha, nilikuwa sebuleni na binti chumbani mwake. Simu yangu ikalia. Ni yeye, ameniandikia kutoka chumba cha pili. Aliomba radhi kwanza. Kisha akauliza: akikabidhiwa msahafu katika siku zake za udhuru wa kike, afanye nini? Akatae kazi, aseme sababu mbele ya wageni wanaume, au avae glavu?

Nililisoma mara tatu. Nikaona haya, si kwa swali, ila kwa kuwa katika njia nzima nilikuwa nikipanga hoja za kumzuia, naye alikuwa akipanga namna ya kwenda bila kumkosea Mola wake.

Nilimjibu kwa kuandika, nami nawaandikia na nyinyi, maana wako mabinti wengine wanaofanya kazi maktabani na katika maduka ya vitabu. Katika madhehebu yetu, asiye na twahara hagusi msahafu, na kizuizi cha nguo hakibadili hukumu, kwa hiyo glavu hazitamsaidia. Lakini kuna kijiti. Imamu Rafii alikataza kufunua kurasa hata kwa kijiti. Imamu Nawawi katika Minhaji akasema lililo sahihi zaidi ni kwamba yafaa. Na juu ya meza ya binti huyu, kifaa cha kwanza nilichokiona, kabla ya brashi na kabla ya gundi, kilikuwa kijiti bapa cha mfupa cha kufunulia na kulainishia karatasi. Nikamwandikia: siku hizo tumia kijiti chako, kubeba waachie wengine. Na ukiona msahafu unaanguka, unalowa, au unashika moto, uchukue kwa mikono yako miwili bila kuuliza mtu, kwa kuwa wanavyuoni wamesema kuunusuru katika hali hiyo ni wajibu hata kwa asiye na twahara.

Akajibu neno moja: "Alhamdulillah." Kisha nikasikia akicheka na wenzake.

Suala la safari ya mwanamke lina maneno marefu, wapo waliofunga na wapo walioruhusu penye amani na wenziwe waaminifu, na si la kumalizwa katika ukurasa huu. Shemeji yangu nilimweleza niliyoyaona: wasichana watatu wanaokwenda pamoja na kurudi pamoja, familia ya Kimombasa iliyokubali kuwapokea katika mji ule, na mtoto anayetawadha kabla ya kufungua kitabu bila kuambiwa. Akaniuliza, "Wewe wasemaje?" Nikasema mimi sitakuwa selotepu mara ya pili. Hakuelewa, nikalazimika kumweleza kisa chote, na chai ikapoa. Wataondoka Septemba, in shaa Allah.

Kitabu nilirudi nacho. Asubuhi ya kuondoka nilimtaka abaki nacho ajizoeze, akakataa kwa heshima. Alikuwa amekesha akikikatia sanduku la kadibodi isiyo na asidi, katika akiba yake ndogo, limekaa sawasawa na umbo lake. Akaniagiza nisiliweke karibu na ukuta wa upande wa bahari, nisitie naftalini, na nisikifungue kitabu mpaka atakaporudi, ila kwa dharura.

Kwenye treni, tulipopita Voi na joto la kwetu likaanza kurudi, nilikifunua kifuniko tu. Juu ya kitabu aliweka karatasi ya hali yake, tuliyoiandika pamoja, sasa imenakiliwa kwa mwandiko wake safi. Mpasuko, milimita 42. Matundu, manane. Na mstari wa mwisho: "Selotepu, vipande 11, imewekwa na Mjomba, mwaka 1989."

Wassalaam.